Nyongeza ya mshahara itangazwe uwanjani au isainiwe mezani? Watumishi wa umma tujadili

#1 Chaki na Vumbi

Wakuu, mbukwenyi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Dodoma, huu ni mwaka wa kumi na sita nashika chaki. Miaka minne iliyopita wenzangu walinichagua kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapo shuleni. Maana yake mimi ndiye ninayegawa fulana na kofia za Mei Mosi, ninayepeleka wilayani majina ya waliofiwa, na ninayeulizwa kila mshahara unapoingia: "Mwakilishi, hii asilimia mbili ya mshahara tunayokatwa ada ya chama inatufanyia nini?" Nimekuwa nikijibu kwa kubabaisha. Leo nataka tuliweke wazi, kwa sababu naona tunagombania asilimia mbili huku jambo kubwa zaidi likitupita.

Turudi Uwanja wa Jamhuri, Mei Mosi 2022. Nilikuwepo. Rais Samia aliposema jambo letu lipo, uwanja mzima ulisimama. Mwalimu mwenzangu aliyebakiza miaka miwili kustaafu alinishika mkono akatokwa machozi. Kama wiki mbili baadaye ikatoka taarifa ya Ikulu: kima cha chini kinapanda kwa asilimia 23.3. Ofisini kwetu kila mtu alichukua kalamu akapiga hesabu ya mshahara wake kwa 23.3. Mimi nilishaongea na fundi aje apaue chumba cha nyuma.

Julai ilipofika tukaelewa. Wa chini kabisa ndiye aliyepanda kwa kiwango kile, kutoka 300,000 hadi 370,000. Kadiri daraja lilivyokuwa juu ndivyo nyongeza ilivyopungua. Yangu haikufika 25,000. Fundi nilimpigia simu nikamwomba radhi.

Hakuna aliyetudanganya, na hilo nalisema kwa moyo mweupe. Kima cha chini ni kima cha chini. Lakini hebu fikirini: watu tuliosoma, tunaofundisha watoto hesabu za asilimia, tulikosea wote kwa pamoja kwa sababu hakuna karatasi tuliyowahi kuiona. Hakukuwa na jedwali la ngazi kwa ngazi lililosainiwa na upande wa mwajiri na upande wetu, likabandikwa ubaoni. Tulikuwa na hotuba, kisha tetesi, kisha slipu ya mshahara.

Sasa nendeni nyuma kidogo. Mei Mosi 2016, uwanja ule ule wa Jamhuri, Rais Magufuli alitangaza kodi ya mshahara kwa kima cha chini ishuke kutoka asilimia 11 hadi 9. Baada ya hapo hatukuona nyongeza ya jumla hadi 2022. Halafu Mei Mosi 2025, Singida, viwanja vya Bombadia, tukatangaziwa asilimia 35.1, kima cha chini kikawa 500,000 kuanzia Julai. Nilifurahi, na sitaki mtu anibadilishie maneno. Ila jiulizeni: vyama vilikuwa vilevile, sheria zilikuwa zilezile, asilimia mbili ilikatwa kila mwezi bila kukosa. Kipindi kimoja hakuna kitu, kipindi kingine neema. Kama majadiliano ndiyo yaliyoleta nyongeza ya 2022 na 2025, yalikuwa wapi miaka ile ya katikati?

Hoja yangu ni hii. Tuna haki ya kujadiliana, ipo kwenye sheria, lakini tumeigeuza haki ikawa kusubiri zawadi. Nataka nyongeza iwe mkataba. Wenye kupinga wapinge, wenye kujua zaidi yangu wanielimishe.

#2 Mpare wa Nkuhungu

Mwalimu umenena. Ile Julai 2022 mimi nilidhani mfumo umekosea, nikaenda kwa afisa utumishi. Nilikuta foleni mpaka nje.

#3 Jembe la Bahi

Samahanini wakuu, mimi si mtumishi. Nalima mpunga Bahi, na alizeti kidogo nikipata mvua. Nimesoma uzi wote nikajiuliza, mimi najadiliana na nani? Alizeti ikishuka bei hakuna anayenishikia bango. Sina pensheni, sina bima ya kukatwa, sina likizo. Kodi nalipa kwenye mafuta, kwenye sabuni, kwenye kila ninachonunua, na humo ndimo unamotoka mshahara wenu. Sasa mnataka mkataba, na nyuma ya mkataba naona kuna mgomo. Mwalimu akigoma, anayekaa nyumbani ni mwanangu. Wa bosi wako anasoma shule ya kulipia. Msinione mchoyo, nasema ninachokiona kutoka huku shambani.

#4 Chaki na Vumbi

Jembe la Bahi, nakuheshimu na sitakujibu kwa haraka. Mtoto wako ndiye kipimo changu pia. Mwaka 2012 walimu walipogoma mwishoni mwa Julai nilikuwa bado mgeni kazini. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikasema mgomo si halali, tukarudi darasani ndani ya siku chache. Nilikuta watoto wa darasa la saba wamejifundisha wenyewe ubaoni, mmoja kasimama mbele anasoma, wengine wanafuata. Sijawahi kusahau. Kwa hiyo ukiniuliza kama napenda mgomo, hapana.

Lakini tazama kinachotokea pasipo meza ya kujadiliana. Mwalimu hagomi kwa tangazo, anagoma kimyakimya. Anafika saa tatu badala ya saa moja na nusu. Anafungua duka la vinywaji, moyo wake unahamia huko. Daftari za mwanao zinasahihishwa kwa kupitisha kalamu tu. Mgomo wa namna hiyo hauna notisi, hauna mahakama ya kuusimamisha, na hauishi. Mimi nautaka mkataba hasa kwa ajili ya kuuzuia huo.

Kuhusu bei ya alizeti, hapo huna wa kukusemea na ni dhuluma. Sitakuambia subiri.

#5 Nesi wa Zamu

Wapendwa, mimi niko hospitali moja hapa mjini, wodi ya wazazi. Jana zamu ya usiku tulikuwa wawili kwa vitanda vyote. Mnazungumza mgomo kama kitu cha kuchagua. Kwetu sheria imeshafunga mlango: afya ni huduma muhimu, pamoja na maji, umeme, zimamoto na waongoza ndege. Na kusema kweli hata mlango ungekuwa wazi nisingepita. Mama akiwa na uchungu siwezi kumwambia subiri tunajadiliana.

Kinachoniuma ni kwamba kwa kuwa kila mtu anajua sitaondoka, hakuna anayeharakisha kunisikiliza. Posho za masaa ya ziada zinakuja zikijisikia. Nimedai pesa zangu za uhamisho mpaka nikaacha. Wanaokumbuka 2012 wanajua madaktari walipogoma iliishia vipi, Dk. Ulimboka, kiongozi wao, alitekwa Juni ile akakutwa msitu wa Mabwepande ameumizwa vibaya. Tangu hapo mtu akitamka mgomo wodini, wengine wanainuka wanaondoka.

Naomba wanasheria mnisaidie: mtu akinyang'anywa mgomo anapewa nini badala yake?

#6 Wakili wa Area D

Dada Nesi, swali lako ndilo kiini cha mjadala wote, nalianza hilo.

Shirika la Kazi Duniani halijasema wahudumu wa afya waachiwe wagome ovyo. Linakubali kwamba huduma ambazo kukatika kwake kunahatarisha uhai zinaweza kuwekewa zuio. Ila limeshikilia siku zote kwamba anayezuiwa kugoma lazima apewe fidia ya haki hiyo: upatanishi na uamuzi wa haraka, usioegemea upande, ambao ukishatolewa unazifunga pande zote mbili na kutekelezwa mara moja. Yaani umechukua silaha ya mtu, mpe mwamuzi. Tanzania iliridhia mkataba Na. 98 wa majadiliano ya pamoja mwaka 1962 na Na. 87 wa uhuru wa kujumuika mwaka 2000. Kwa hiyo hii si hisani.

Huku nyumbani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inawahusu hata watumishi wa umma wa Bara. Waliotolewa ni wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Inatambua haki ya kujiunga, haki ya chama chenye wanachama wengi kutambuliwa kuwa msemaji pekee wa wafanyakazi wa eneo hilo, na wajibu wa kila upande kujadiliana kwa nia njema. Makubaliano yakisainiwa yanafunga. Sambamba nayo ipo Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma, Na. 19 ya 2003, iliyounda mabaraza ya kisekta ambamo serikali na vyama wanakaa uso kwa uso. Meza ipo, mwalimu. Miguu yote minne ipo.

Panapovuja ni sehemu mbili. Kwanza, mezani serikali inakuja na kofia tatu: ni mwajiri, ni mtunga sera na ndiye mwenye hazina. Mwajiri wa kiwanda akisaini, analipa. Katibu Mkuu wa wizara akisaini, bado kuna bajeti, na bajeti ina wenyewe. Pili, mwaka 2016 kiliingizwa kifungu cha 32A kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma. Kinamtaka mtumishi amalize kwanza njia zote za ndani kabla ya kugusa njia za sheria za kazi. Dereva wa kampuni akifukuzwa anakwenda moja kwa moja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtumishi wa halmashauri aliyefukuzwa aanze na rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, asiporidhika apande kwa Rais. Nimeshika mafaili ya watu waliokwenda Tume ya Usuluhishi, wakashinda, kisha ushindi ukatenguliwa kwa sababu walipita mlango usio wao. Mmoja wao alikuwa ameshauza baiskeli kulipia nauli za kesi. Yote hii ndiyo hali ya mtu ambaye karatasi inamwita mwenye haki sawa.

#7 Kijana wa Mtaani UDOM

Nimemaliza shahada ya ualimu, hisabati na fizikia. Nimeomba ajira mara nne. Nafundisha shule binafsi kwa laki mbili na nusu, nalipwa wakipenda. Kila nikisikia nyongeza nawaza: hiyo asilimia 35 ingeajiri wangapi kati yetu? Vyama vyenu vinawatetea walio ndani. Walio nje hawana fomu ya kujaza.

#8 Chaki na Vumbi

Mdogo wangu, hili limenipata pabaya. Nina mdogo wangu wa damu kabisa yuko hali yako. Ninachoweza kukuambia kutoka darasani: mimi nina watoto 97 darasa la nne. Mkataba ninaoutaka mimi hauna mshahara peke yake. Idadi ya wanafunzi kwa mwalimu ni sharti la kazi, nalo linajadilika mezani. Chama kinachokaa kujadili kikasahau idadi ya walimu kimewasaliti hata walio ndani, maana ni sisi tunaobeba mzigo wa nafasi yako iliyo wazi. Lakini nakiri, sijawahi kusikia chama changu kikiliweka hilo mbele ya mshahara. Nitalipeleka.

#9 Mkaa Mtumba

Niko ndani ya mfumo hapa Mji wa Serikali, sitasema ofisi gani. Nataka niwaonyeshe mahali mnapokosea shabaha, na ninasema kwa mapenzi kwa sababu na mimi ni mtumishi kama nyie.

Mei Mosi ni kuchelewa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mapendekezo ya mpango na mwongozo wa bajeti hujadiliwa bungeni Novemba. Baada ya hapo kila fungu la bajeti, yaani kila wizara au taasisi, linapewa ukomo wake wa matumizi, na ndani ya ukomo huo maofisa utumishi wanajaza ikama na makadirio ya mishahara: nani yupo, nani anapanda daraja, nani anastaafu, nafasi ngapi mpya. Kufikia Machi hesabu zimeshafungwa kwa sehemu kubwa. Aprili Bunge linaanza kupitisha wizara moja moja, Juni bajeti kuu inasomwa. Sasa nyie mnavaa fulana Mei Mosi, mnabeba bango lenye ombi, mnapita mbele ya jukwaa. Mnaomba kwenye sahani ambayo imeshapakuliwa. Atakayeweza kuongeza hapo ni mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kusema "ongezeni", ndiyo maana inaonekana zawadi. Kwa wakati ule inakuwa zawadi kweli.

Mtu mwenye nia ya kujadiliana anakuja Septemba. Anakuja na takwimu za kodi ya nyumba Kisasa na Ihumwa, bei ya mchele soko la Majengo, nauli ya kufika Mtumba. Anakuja kabla ukomo haujawekwa. Baraza likakae Septemba na Oktoba, lifunge makubaliano, yaingie kwenye mwongozo wa Novemba. Nimekaa ofisini miaka mingi, na barua za vyama ninazoziona mezani zinaanza kumiminika Machi na Aprili.

#10 Chaki na Vumbi

Mkaa Mtumba, umenipa kitu ambacho semina zote nilizohudhuria hazikunipa. Nimeandika kwenye daftari: SEPTEMBA.

#11 Mzee wa Reli

Wanangu, nawasoma.

#12 Nesi wa Zamu

Shikamoo mzee. Tupe na wewe.

#13 Mzee wa Reli

Marahaba binti. Nilianza kazi reli mwaka 1974, na baba yangu alikuwa kwenye gengi la njia kati ya Dodoma na Manyoni. Nyie mnauliza kwa nini vyama vimelala. Havikuzaliwa vimelala.

Baba alinisimulia mgomo wa reli wa 1960, chama chao kikiongozwa na Kasanga Tumbo. Uliendelea kwa majuma mengi. Watu wa gengi walikula mihogo waliyopewa na Wagogo wa vijiji vya jirani, kwa sababu wanakijiji walijua akina baba hawana posho. Lile neno sikuwahi kulisahau: mwanakijiji asiye na mshahara ndiye aliyemlisha mwenye mshahara. Yule bwana wa Bahi ajue kwamba zamani haikuwa mkulima upande huu na mfanyakazi upande ule. Chama kilikwenda kijijini kueleza kinachodaiwa. Nyie mmekwenda lini?

Tulipopata uhuru mambo yakageuka. Rashidi Kawawa mwenyewe alitoka kwenye vyama, alikuwa Katibu Mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika. Lakini mwaka 1962 sheria zikaletwa za kubana mgomo na kuweka utaratibu wa serikali wa kusuluhisha. Januari 1964 jeshi likaasi, viongozi kadhaa wa vyama wakawekwa ndani, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA. Chama kimoja kwa wafanyakazi wote. Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Mwajiri na mtetezi wamevaa koti moja. Mimi nilipoingia nilikuta makato yanakatika yenyewe, hakuna aliyeniuliza unataka au hutaki. Mwaka 1978 ikawa JUWATA, jumuiya ya chama tawala. Nisiwe mkosefu wa shukrani, zilijengwa nyumba, watu walipelekwa masomo, na Waraka wa Rais wa 1970 ulituletea mabaraza ya wafanyakazi ambamo hata mfagizi aliweza kumwuliza meneja swali. Nililiona kwa macho yangu pale stesheni.

Ila tulijifunza tabia moja mbaya. Tulizoea kwamba chama kinakuja kutoka juu na pesa inakwenda juu. Mageuzi yalipokuja miaka ya tisini, likaja shirikisho la OTTU, kisha vyama vya sekta, majina yalibadilika, tabia ikabaki. Mwalimu, hao wenzako wanaokuuliza asilimia mbili inafanya nini, mwaka jana walihudhuria mkutano wa tawi wangapi?

#14 Chaki na Vumbi

Shikamoo mzee wangu. Walihudhuria watatu, mimi nikiwemo. Shuleni tuko kumi na wanne.

Na kwa kuwa umeuliza, niweke hesabu mezani. Kwa wastani wa mishahara yetu asilimia mbili ni kama 16,000 kwa mtu. Mara kumi na wanne ni 224,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,688,000 kutoka shule moja ya kijijini. Kilichorudi mwaka jana ni fulana kumi na nne, kofia, na rambirambi ya mwalimu aliyefiwa na mama. Sijawahi kuona karatasi inayonionyesha nyingine ilikwenda wapi. Wakati huo huo nina mwalimu aliyekaa daraja moja miaka mingi, waliokuja nyuma yake wamempita, malimbikizo yake hayajalipwa, na nilipompeleka ofisi ya chama wilayani tuliambiwa tuandike barua. Tuliandika. Tukaambiwa tuandike tena.

#15 Wa Mirembe Road

Dawa ni kujitoa. Mimi nilijitoa, nikaona 16,000 yangu imerudi. Nyongeza ya Singida nimeipata sawa na nyie mnaokatwa.

#16 Mkondoa Ughaibuni

Naandika kutoka Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani. Kwetu Kondoa, nipo huku miaka kumi na tano nahudumia wazee. Ndugu wa Mirembe Road, niruhusu nikusimulie kilichotokea hapa, kwa sababu wazo lako lilijaribiwa kwa jimbo zima.

Wisconsin ndiyo iliyotangulia majimbo yote kuwapa wafanyakazi wa umma haki ya kujadiliana, mwaka 1959. Mwaka 2011 Gavana Scott Walker akaleta sheria wanayoiita Act 10. Walimu na watumishi wengine wakabakiziwa kujadili mshahara wa msingi tu, tena usipande kupita mfumuko wa bei mpaka wananchi wapige kura. Ada ikakatazwa kukatwa kwenye mshahara. Kila mwaka chama kikapaswa kupigiwa kura upya kubaki kuwa msemaji. Polisi na zimamoto hawakuguswa. Watu walilijaza jengo la Bunge pale Madison kwa majuma, mimi mwenyewe nilipeleka chai na mikate. Sheria ikapita. Hoja ya Gavana ilikuwa ile ile ya bwana wa Bahi, kwamba mlipa kodi hayupo mezani. Ina uzito, sikatai.

Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya nchi, kesi ya Janus, ikaamua kwamba hakuna mtumishi wa umma popote Marekani anayelazimishwa kulipa ada kwa chama asichojiunga nacho. Wanachama huku Wisconsin walipungua sana. Rafiki yangu mwalimu ana chama kidogo kilichobaki hai. Anasema waliobaki ni wale waliozunguka nyumba kwa nyumba kukusanya ada kwa mkono, wakalazimika kujibu maswali mlangoni. Wale waliozoea pesa kuingia yenyewe walikufa ndani ya miaka michache. Lakini hata waliobaki hai, meza ya kukalia walikuwa wameshanyang'anywa. Kwa hiyo kujitoa kunaweza kumwamsha kiongozi mvivu, au kunaweza kukuacha bila kiongozi siku unayomhitaji.

#17 Wakili wa Area D

Mkondoa umetufungulia ukurasa muhimu. Sheria yetu inaruhusu asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala pale chama kikubwa kimekubaliana hivyo na mwajiri, kwa sababu naye anafaidi mkataba. Lakini watu hawasomi sehemu inayofuata: ada hiyo haipaswi kuzidi ya mwanachama, inapaswa kuwekwa kwenye akaunti ya pekee, na itumike kuendeleza au kutetea maslahi ya wafanyakazi wa eneo lile la kazi. Kwa hiyo unayo haki ya kuuliza akaunti iko wapi.

Na wewe uliyejitoa, nyongeza ya Singida umeipata kwa sababu ilitolewa kwa wote. Siku ukipewa barua ya mashtaka ya nidhamu, haitatolewa kwa wote.

#18 Jembe la Bahi

Nimemsoma mzee. Hiyo habari ya mihogo imenikalisha. Mwalimu, kama mtakuja kijijini kueleza, mimi nitaita watu. Ila msije na fulana. Njooni na hesabu ya watoto 97 darasa moja, hiyo kila mzazi ataielewa.

#19 Nesi wa Zamu

Kabla uzi haujapoa, tusisahau kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu. Kuna wanaosema vyama havijawahi kufanya kitu. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ilipounganishwa, mkupuo wa kustaafu, yaani sehemu ya mafao unayolipwa kwa mara moja, ulishushwa hadi asilimia 25 kwa waliokuwa na 50. Kelele zilipigwa nchi nzima, Desemba ile Rais Magufuli akasitisha. Mwaka 2022 ikaja 33, na bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40 kwa watumishi wa umma. Haijarudi 50, na mama yangu mkunga aliyestaafu katikati ya namba hizo anajua tofauti yake kwa shilingi. Lakini ni ushahidi kwamba tukishika jambo moja bila kuachia, namba inasogea. Tena hatukugoma hata siku moja.

#20 Chaki na Vumbi

MREJESHO.

Wakuu, nimekaa kimya siku tisa kwa sababu nilikuwa nafanya kazi ya uzi huu.

Nilichapisha post ya Mkaa Mtumba na ya Wakili, nikaibandika ofisini kwetu bila kuwataja. Tukakaa baada ya vipindi, kumi na mmoja kati ya kumi na wanne. Tukaandika barua kwa katibu wa chama wilayani, tukaomba nakala ya makubaliano ya mwisho yaliyosainiwa kwenye baraza la majadiliano la sekta yetu, mapato na matumizi ya tawi kwa miaka miwili, na kwamba mkutano wa tawi wa kuandaa hoja za nyongeza ufanyike Septemba na si Machi. Idadi ya watoto kwa mwalimu tumeiweka hoja ya kwanza, juu ya mshahara. Kijana wa UDOM, hiyo ni yako. Mwalimu mmoja alikataa kusaini kwa kuhofia uhamisho. Sikumlaumu, ana mtoto mgonjwa na yuko karibu na hospitali.

Jana niliipeleka mwenyewe. Katibu aliisoma yote, polepole. Akaniambia amekaa kwenye kiti kile miaka saba na hajawahi kupokea barua inayoomba nakala ya makubaliano. Alifungua kabati, akatoa mafaili, akatafuta mpaka jasho likamtoka. Akapata mihtasari ya vikao viwili. Yenye saini za pande zote mbili hakuipata. Hakunifokea. Akasema ataiomba makao makuu, akanigongea muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu.

Jembe la Bahi, tumepanga kuja Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno ya mpunga. Tutakuwa watano na Nesi kama zamu itamruhusu. Tutakuja na daftari la mahudhurio la darasa la nne.